Sila Matonya, Aliyeikataa Kamba

Sila Matonya amewatumikia wazee wa nyumba yetu ya kutunzia wazee hapa Mpwapwa miaka kumi na minane. Siku ya mwisho ya Desemba hii, mwaka 1912, anaacha kazi na kurudi kwao Kibakwe. Nimeambiwa nimzungumzie mimi, maana miaka yote hiyo nimekuwa mpishi wa humu. Shule sikwenda; mimi nasema, huyu binti Yudith wa humu anaandika, na akipamba nitajua.

Sila alikuja akiwa mchunga ng'ombe. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchota maji na kukata kuni. Wazee waliopotewa na kumbukumbu hakuna aliyewataka. Watu walisema wamerogwa. Upuuzi. Akili huchoka kama goti linavyochoka. Sila akaanza kuwaogesha bila kutumwa, akawalisha ugali na mlenda kwa mkono wake. Sila alimuuliza kila ndugu aliyeleta mzee: huyu alikuwa anafanya kazi gani? Wengi walidhani anatafuta umbea.

Bibi Stara alimdhani Sila ni mumewe. Kila asubuhi alimfokea: "Wewe mwanamume, kuni ziko wapi?" Sila hakumwambia kwamba mumewe alikwisha kufa. Alijibu, "Nisamehe mama watoto, naleta," akaenda, akaleta. Siku moja Emilia, mkewe wa ndoa, alikuja kumsalimu akayasikia hayo. Akasema mbele yetu sote, "Kumbe kuni unazijua! Kwangu mbona unakuwa kiziwi?" Tulicheka mpaka nikaunguza uji.

Sasa habari ya Mzee Msafiri. Alikuwa mpagazi, alibeba mizigo mpaka pwani tangu ndevu hazijaota. Akili ilipomwacha, kila alfajiri alikunja mkeka wake, akaufunga kama robota la nguo, akauweka begani, akaondoka. Mimi ndiye niliyeharibu. Nilimwambia ukweli: "Mzee Msafiri, safari za mabegani zimekwisha. Siku hizi mizigo inapanda gari la moshi pale Gulwe." Akaniona mwizi, niliyempa mtu mwingine mzigo wake. Akatoka kwa hasira. Tulimpata siku ya pili katikati ya miiba, miguu inatoka damu, midomo imepasuka kwa kiu.

Bwana msimamizi wetu akaagiza afungwe kamba ya mguu, kitandani. Sila akaishika ile kamba, akasema, "Bwana, ng'ombe anayetangulia humzuii kwa mbele. Unakwenda naye ubavuni, anageuka mwenyewe. Nipe siku tatu. Akipotea, nifunge mimi." Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile.

Kesho yake akachukua mkeka wake naye, akaufunga, akafuatana na mzee. Wakazunguka ua mara tatu, wakapita kwenye shamba la mtama, wakatokea nyuma ya nyumba, mkwajuni. Hapo Sila akatua mzigo, akapaza sauti: "Kambi! Tumefika kambi!" Mpagazi akisikia kambi hana ubishi. Mzee akatua, akaketi, akala, akasinzia kama mtoto. Ikawa hivyo kila siku, mvua kwa jua, miaka miwili sasa.

Sila alipotangaza kuondoka, kamba ikatajwa tena. Msimamizi alisema hana mtu mwingine wa kuzurura na mzee. Wiki iliyopita Sila alikuja kuketi jikoni kwangu, akamtuma Yudith atembee na mzee. (Andika, Yudith, usione haya.) Yudith alimharakisha mzee, akaita kambi baada ya mzunguko mmoja. Mzee akasimama wima, mzigo begani: "Kambi gani hii haina maji? Nani aliyekupa wewe uongozi?" Sila akainuka kutoka, nikamshika shati. Msimamizi alikuwa dirishani anatazama. Yudith akakimbia, akarudi na kibuyu, akakiweka chini ya mkwaju. "Maji haya hapa, babu. Nisamehe." Mzee akaonja. Kisha akatua mzigo.

Kesho yake ile kamba niliikuta shingoni mwa mbuzi wa msimamizi, na Yudith ameambiwa kazi ya asubuhi ni yake.

Basi, Sila, usitutazame kama mtu anayeacha watoto njaa. Tumeona, tumejifunza, na anayebisha tutapambana naye. Ahsante kwa kuwaita watu wale kwa majina yao hata wao wenyewe walipoyasahau. Ahsante kwa kunivumilia, maana ulimi wangu naujua. Nenda Kibakwe, ukae na mkeo, ulime kwa raha, ulale mpaka jua likuchome. Mungu akupe siku nyingi na nzuri. Na akili yako ikichoka siku moja, usione aibu. Njoo. Tutatembea nawe.