Bi. Samiha Hakuamini Karatasi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja kazini, Bi. Samiha Jawad atakabidhi funguo za ofisi ya mafunzo ya ubingwa hapa chuoni kwetu Kinondoni. Tungependa kuandika kwa furaha tupu, lakini mwenyewe hapendi sifa za uongo.

Alianza kama karani wa usajili. Baadaye akapewa kazi iliyokimbiwa na wengi: kuwashauri madaktari wetu ni hospitali ipi inafaa kusomea upasuaji wa ubongo. Wengi wao walianzia utabibu kwenye zahanati za Temeke, shahada wakaipata ukubwani. Vituo vingine viliwapokea kwa maneno matamu, kisha vikawageuza watumishi.

Hilo alilijua kwa uchungu. Mwaka 2009 alimsifia Dk. Isack hospitali moja ya nje ya nchi, baada ya kusoma kijitabu chake chenye picha za mashine mpya. Isack akaenda. Miaka mitatu akapanga mafaili na kusukuma vitanda. Waliotoka vyuo vyenye majina ndio walioshika kisu. Alirudi bila cheti, akamwamkia Bi. Samiha, akaketi, akasema, "Mama, sijafungua fuvu hata moja."

Kesho yake Bi. Samiha alikuja kazini macho yamevimba, akaomba ruhusa ya kusafiri.

Tangu hapo alikwenda mwenyewe kila kituo, na ofisi ya mkurugenzi aliiacha mwisho. Alianzia kantini, kwa wanafunzi. Umepasua wangapi kwa mkono wako? Nani husimama nawe? Ukikosea unafundishwa au unatukanwa? Mahali pamoja wenyeji walimzungusha na chai na sambusa hadi jioni asionane na mwanafunzi hata mmoja. Aliaga kwa adabu, akaenda kuwasubiri wanafunzi kwenye bajaji nje ya geti. Madaktari kumi na wanne waliofuata ushauri wake ni mabingwa leo. Isack hakurudi kwenye ubongo. Yuko kituo cha afya Kawe, wala hamlaumu, ila kila tulipomtaja Bi. Samiha, yeye aligeuza mazungumzo.

Mwaka jana ikafika zamu ya kukagua mafunzo yetu wenyewe, aliyoyapigania miaka tisa hadi yakaanzishwa. Mabingwa wawili walikuwa wameondoka, aliyebaki ni mgonjwa, na darubini ya upasuaji ilikuwa mbovu. Kikaoni aliombwa asiichafue nyumba yake wakati anaelekea kustaafu.

"Nilishampeleka mtoto wa mtu kwa sababu ya picha nzuri," alisema. "Sirudii."

Akaandika kwamba mafunzo yetu hayafai. Mwezi Machi usajili ukasitishwa. Baadhi yetu tulipita mlangoni kwake wiki nzima bila salamu, na mwandishi wa maneno haya alikuwa miongoni mwao. Yeye alikuwa kwenye simu, akiwatafutia nafasi kwingine madaktari wanne waliobaki njia panda. Wote wamepata. Wiki iliyopita mmoja wao, Dk. Chausiku, alituandikia kwamba amemtoa mgonjwa damu iliyoganda ubongoni, na mgonjwa ameamka akamwita mwanawe kwa jina.

Nafasi ya Bi. Samiha haijatangazwa. Hatujui nani atakwenda kuuliza sasa.

Bi. Samiha, ahsante, na utuwie radhi kwa ile wiki. Mola akujaalie afya, na huko Msasani upate mapumziko ambayo hapa hatukukupa.