Saizi ya Mkwe

Ndugu, majirani na marafiki, Jumatatu iliyopita asubuhi mimi na mume wangu tulikuwa tunakamua shuka, yeye kashika ncha moja na mimi nyingine, simu ya hospitali ikaita, nikaipokea kwa bega, nikasikiliza, nikasema nimeelewa, kisha tukamaliza kulikamua, kwa sababu shuka likiachwa nusu halikauki, na kwa sababu marehemu, mama mkwe wangu, asingetusamehe. Ndipo nikakaa chini. Familia imenipa mimi kazi ya kusoma historia yake, maana mume wangu hafiki mstari wa pili bila kulia, na wifi yangu akianza kuongea hatutazika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi seremala, akiwa mtoto wa tatu na wa kike wa kwanza, na kaka yake mkubwa, aliyekaa hapo mbele, anasema alitoka amekunja ngumi zote mbili kama mtu anayedai kitu chake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960, na huko ndiko alikofundishwa kufuma, na ndiko alikoadhibiwa kwa kufuma, kwani mwalimu wa kazi za mikono aliwaagiza wafume kitambaa cha mraba kama kilivyochorwa ubaoni, yeye akafuma soksi ya nyundo ya kengele, akaivisha, na shule nzima ikabaki uwanjani inacheza mpaka jua likawa kali, mwalimu wa zamu anagonga na hakuna anayesikia. Alipoulizwa kwa nini hakufuata mchoro, alijibu kwamba mchoro ule ulikuwa wa mtu mwingine. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1971.

Mwaka 1972 aliajiriwa kuwa mtunza stoo katika kiwanda cha sabuni, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2008, na wenzake wa stoo waliopo hapa ni mashahidi kwamba hakuna sabuni iliyopotea, ingawa wengi wao waliwahi kusubiri dirishani amalize kwanza mstari wa sweta.

Hapo kiwandani alikuwepo dereva wa lori, mpole, mwenye mabega mapana, ambaye siku moja ya baridi alikabidhiwa sweta iliyomkaa sawasawa, mikono, kifua na shingo, wakati hakuna aliyewahi kumpima. Utingo wake alimtazama, akamwambia, "Bwana, huyo kakupima kwa macho tu. Wewe umekwisha." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975, wakajaliwa watoto wawili, mume wangu na wifi yangu, baadaye na mjukuu mmoja, na baba mkwe alitangulia mwaka 2010, akiwa na sweta kumi na tisa na hajanunua hata moja.

Baada ya kufiwa, mama alifuma mpaka viti vikakosa nafasi ya kukalia, ndipo wifi yangu akamfungulia ukurasa mtandaoni auze sweta, pamoja na michoro yake mwenyewe kwa wanaotaka kufuma wenyewe. Mambo yalienda vizuri mpaka barua za wateja zilipoanza kuja. Mama alikuwa amejipimia mikono ya sweta maisha yake yote akiwa jikoni, na aliandika maelekezo hivyo hivyo, kwamba endelea kufuma mpaka maharage yaive, basi mteja mmoja mwenye sufuria ya umeme mkono wake ukaishia kwenye kiwiko, na mwingine anayepikia moto mdogo akapata mkono unaofika magotini. Mama alisikiliza malalamiko yote kwa utulivu, akasema mchoro hauna kosa, wachunguze maharage yao. Nilikaa naye wiki nzima nikigeuza maharage kuwa mistari, na tukaelewana.

Hatukuelewana kwenye saizi. Mama hakuandika ndogo, ya kati na kubwa, aliandika Mjukuu, Binti, Mwana, Baba, na ya mwisho, kubwa kuliko zote, aliiita Mkwe. Nililijua hilo kazini, mbele ya watu, mhasibu aliponiambia kwamba amejiagizia Mkwe na imempwaya. Nilimwomba mama alifute lile neno, akakataa, na nyumba ikawa na ubaridi ambao sweta haziutibu.

Mwaka jana sukari ilimshambulia figo, na macho yale yaliyompima dereva kwa kutazama yakapungua nuru. Alikuwa na mchoro mmoja wa mwisho, sweta ya familia nzima, na alitaka utoke akiwa hai. Safari hii alipima kwa utepe, akampima kila mtu, nikabaki mimi tu. Nilikataa. Nilisema nina kazi, na kweli ninazo, lakini hazikuwa sababu.

Jumamosi ya mwisho nyumbani, madaktari walipokuwa wamekwisha kutuambia ukweli, alikaa mezani kama kawaida yake na kuhesabu watu kabla ya chakula, maana kwake hakuna aliyegusa sahani mpaka wote watimie. Akaita mjukuu, akaita binti, akaita mwana, akapaita mahali pa baba, ambapo aliendelea kupahesabu hata baada ya kufiwa, na nilipotoka jikoni na sufuria akaita mkwe. Nilisikia hesabu ile kwa zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuisikiliza. Nikamuuliza kama basi saizi ile ilikuwa kwa ajili ya anayeingia mwisho na chakula, wala si kwa ajili ya kiuno changu. Mama akasema, "Na kiuno nacho kilichangia."

Niliweka sufuria chini, nikanyanyua mikono. Alinizungushia utepe kwa kupapasa, ukafika, ingawa haukubakiza sana, akamtajia wifi namba, wifi akaiandika, na kwa heshima ya mama hakuirudia kwa sauti. Mama akasema, "Tumetimia. Pakueni."

Alilazwa kesho yake, akafariki Jumatatu alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyejifanya haoni bonge la uzi chini ya mto, tunawashukuru majirani kwa viti na maji, wafanyakazi wenzake wa zamani kwa kubeba jeneza, na yule mteja wa sufuria ya umeme, aliyetuandikia kwamba sweta yake ya viwiko bado anaivaa. Mchoro ulitoka jana, saizi zote zimo, na jina sikulifuta.

Tukitoka makaburini chakula kitakuwa tayari nyumbani, naomba mtu asiguse sahani kwanza. Wewe mama pumzika, leo nahesabu mimi.