Bi Kouraichia na Pipa la Mahajanga

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1968, Bi Kouraichia Abdérémane anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kunusa mafuta ya langilangi, maua ya manukato: ishirini na miwili kisiwani Nosy Be, tisa hapa Mahajanga. Ghala bila yeye tutalizoeaje?

Alianza kwa kuchuma maua karibu na Marodoka, akapanda hadi kuyapokea mlangoni mwa kiwanda. Pua yake haina mfano. Walioapa kwamba wameacha sigara aliwatazama tu, wakaungama wenyewe. Anasema asubuhi za msimu njia nzima ilinukia kama chumba cha bibi harusi, na akisema hivyo sauti humlegea.

Ila yapo asiyopenda kuyakumbuka. Mwaka 1951 lori lilichelewa, maua yakalala kwenye magunia. Alinusa kwamba yamevunda, lakini bosi alikuwa mkali, akayapokea kimya. Mafuta yaliharibika, akafukuzwa shoga yake Mariama, aliyeyaleta. Mariama alihama kisiwa, akafariki kabla hajaombwa radhi. Jambo hilo lilimkaa Bi Kouraichia rohoni.

Mwaka 1964, mapipa yakiwa tayari kupakiwa melini, alinusa mafuta ya taa kwenye pipa moja. Meneja wetu, Bwana Houssen, hakutaka kusikia. Meli ilikuwa inaondoka adhuhuri. Bi Kouraichia alikaa juu ya pipa akasema halitoki. Likafunguliwa. Kweli tupu: aliyelijaza hakuliosha kwanza.

Meneja akataka jina la mzembe. Bi Kouraichia alilijua. Badala ya kulitaja alisimulia habari za Mariama mbele yetu sote, kisha akasema kama kuna wa kufukuzwa, waanze na yeye mkaguzi. Bwana Houssen akaagiza mapipa yote yaoshwe upya. Tangu siku ile hata mfagiaji ana ruhusa ya kusimamisha upakiaji.

Sasa anarudi Nosy Be, kwa bintiye Hayrat aliyeko Ambondrona. Bi Kouraichia, ahsante kwa yote. Mungu akujaalie afya, wajukuu watundu na usingizi mnono.

Pipa lile nililijaza mimi. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, nami niliogopa, nikanyamaza miaka minne. Wengi mmeniuliza kwa nini binti yangu naye anaitwa Kouraichia. Leo nimesema, na Bwana Houssen yupo anasikia.

Saindou Madi, mtunza ghala