Mama Chaki na Njia ya Daraja la Bomba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo unisikie vizuri. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyewavusha watu mto kwa baiskeli. Wateja wake walimwita Mama Chaki. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na tisa, baada ya kuugua mapafu kwa miezi minne. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Chaki, fundi cherehani, amefariki Jumanne.

Niseme ukweli mapema. Huyu mama nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu akiwa hai, na juzi makaburini nilimwonea wivu akiwa kwenye jeneza. Kwa hiyo anayewasimulia leo si shahidi mwema. Lakini mwenye wivu huwa ameangalia sana.

Alishonea kwenye chumba cha dirisha moja. Cherehani mbili, pasi ya mkaa, na kioo kilichopasuka pembeni. Chaki ya bluu ilikaa nyuma ya sikio lake la kulia. Binti yake ameniambia hata usiku alikuwa anaisahau hapo hapo. "Foronya zake zote zina mistari," amesema. "Tumeshindwa kuzifua. Tunaziangalia tu."

Baiskeli alijifunza akiwa na miaka hamsini na tano. Mume wake ni fundi viatu. Ameniambia hivi: "Alianguka mpaka majirani wakazoea. Nikamwambia, mke wangu, wewe na ardhi mmeshajuana, inatosha. Akanijibu, tumejuana, bado hatujaelewana."

Kwa nini alijitesa hivyo? Miaka minne iliyopita basi la kuvuka mto lilisimamishwa. Ng'ambo ndiko iliko hospitali. Ng'ambo ndiko kiliko kiwanda cha sabuni. Kwa miguu ni saa nzima. Watu wazima ambao hawajawahi kupanda baiskeli wakalazimika kujifunza.

Hapo ndipo nilipojitosa mimi. Nina miguu, nina baiskeli nyepesi, na nina kipaza sauti. Nikawatangazia hapa hapa: piteni daraja kubwa, dakika kumi na mbili tu. Nikatunga na beti, maana ushairi nimejifundisha mwenyewe na siogopi kuutumia.

*Daraja kubwa napita, upepo ukinisifu,*
*Miguu yangu ni vita, mwoga kwangu ni dhaifu.*

Mlinipigia simu, mkanisifu. Nikavimba.

Sasa, mama yangu mzazi ni dobi hospitalini, ng'ambo ya mto. Naye alikuwa mwanafunzi wa baiskeli. Nikamuuliza, "Mama, umeionaje njia yangu?" Akasema, "Nzuri, mwanangu." Wiki ya tatu nikaona viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Daraja kubwa ni lami tupu.

"Mama, unapita wapi?"

"Napita na mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Fundi wangu wa nguo."

"Fundi wa nguo anajua nini kuhusu barabara?"

"Anajua kiuno changu ni kipana kuliko ninavyosema," mama akajibu. "Kwake sina cha kuficha."

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yaliniingia kama sindano. Mama aliyenifundisha kutembea amekwenda kufundishwa baiskeli na mtu mwingine, na mimi nalala chumba cha pili. Nikasikia wako kumi na watatu, kila asubuhi, nyuma ya Mama Chaki. Mimi nilikuwa na wasikilizaji maelfu. Nikawatamani wale kumi na watatu.

Jumamosi moja nikaenda kuichunguza njia yake kwa siri. Nikaona mistari ya chaki ya bluu chini, pale sokoni. Nikacheka. Nikaifuata. Kila palipokuwa na chaki nyingi, nilikwenda huko. Mistari ikazidi kwenye mteremko, ikazidi tena, nikajua nimekaribia. Nikatumbukia kwenye tope, magurudumu yakazama nusu.

Jumatatu nikawaambia hapa redioni: njia ya Mama Chaki inaishia topeni. Mkacheka pamoja nami.

Kumi na watatu wakabaki wanane. Mmoja wa wale watano waliomwacha alikuwa dobi mwenzake mama. Alirudi daraja kubwa, njia yangu, dakika kumi na mbili. Lori likampita karibu, upepo wake ukamsukuma kwenye vyuma, akavunjika mkono. Mama alinipa habari hiyo mezani, anamenya viazi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwenzangu hatafua miezi miwili," akaendelea kumenya.

Nikaenda kwa Mama Chaki. Nilimkuta na pini tatu mdomoni.

"Ulifuata chaki?" akaniuliza.

"Nilifuata chaki, mama."

Alitoa pini moja moja, akaziweka mezani, ndipo akacheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu. "Mwanangu, ile chaki si njia. Ile chaki ni mahali mtu alipoweka mguu chini."

Akanieleza. Alipokuwa akitafuta njia, alimtanguliza mwanafunzi mwoga kuliko wote, yeye anafuata nyuma. Mwanafunzi akiogopa, huweka mguu chini. Pale mguu ulipogusa, Mama Chaki alichora mstari. Alijaribu njia nne. Njia yenye mistari mingi aliiacha. Daraja kubwa lilikuwa na mistari kumi na tisa, na yote ni ya mama yangu. Kumi na tisa, siku moja, kwenye njia niliyoitungia beti. Ule mteremko wa tope aliuacha siku ya kwanza kabisa. Mimi nikaufuata kwa sababu ulikuwa na chaki kuliko kwingine kote.

"Nguo haipimwi kwa mwili wa fundi," akasema. "Njia yako ni nzuri. Inakutosha wewe."

Nikamwambia, "Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Umenikosea redioni, unaniomba radhi chumbani?" Akarudisha pini ya kwanza mdomoni. "Ulikosemea, ndiko ukasemee."

Nikaahidi. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Kila wiki nilikaa kwenye kiti hiki, na kila wiki nilitangaza mambo mengine. Wanane walirudi kuwa kumi na watatu, wakawa arobaini. Mlinzi wa mitambo ya maji akawa anamfungulia geti la daraja la bomba saa kumi na mbili asubuhi bila kuulizwa. Kila nikisikia hayo, nilijiahidi kuomba radhi. Nilisema, wiki ijayo. Amefariki Jumanne bila kunisikia.

Basi nasema leo. Nilidanganya. Njia ya Mama Chaki haiishii topeni. Inaanzia nyuma ya soko, inafuata ukuta wa zahanati, inashuka mpaka daraja la chuma lililobeba bomba la maji. Pembeni ya bomba kuna mbao, upana wa hatua mbili, na mlinzi atakufungulia. Ukivuka, fuata uzio wa shule hadi geti la nyuma la hospitali. Hakuna lori hata moja. Dakika ishirini na saba. Siyo kumi na mbili. Ishirini na saba, na unafika na mikono yako miwili.

Alhamisi tulimsindikiza. Makaburi yako ng'ambo, tukapita njia yake. Baiskeli arobaini na moja, moja moja juu ya mbao. Mimi nilikuwa mbele ya mama yangu. Ukiacha siku ile ya tope, sijawahi kuweka mguu chini katika safari yoyote tangu nina miaka tisa, na nimejisifia jambo hilo kwenu mara nyingi. Katikati ya daraja macho yakajaa, mbao sikuziona tena. Nikaweka mguu chini.

Nyuma yangu nikasikia breki. Mama yangu alishuka, akatoa chaki ya bluu mfukoni, akainama. Akachora mstari kwenye ubao, mbele ya ncha ya kiatu changu.

"Haya," akasema. "Twende, mwanangu. Watu wanasubiri."

Kwa mume wake fundi viatu, kwa binti yake, na kwa wote waliovuka nyuma yake, poleni sana. Redio hii inalia pamoja nanyi, na mimi nalia na deni la radhi niliyochelewa nayo. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mlio hodari kuliko wenzenu, kesho asubuhi kaeni nyuma. Mwacheni mwoga atangulie, mtazame miguu yake.

Mstari wangu bado uko pale darajani. Mvua ikinyesha utafutika. Mama amesema atauchora tena.