Dai Lililo Chini ya Kitanda

Bismillahi. Nasreen, zima hiyo televisheni, na wewe Jaffar vua koti ukae, maana ukikaa na koti najua una safari, na leo sitaki mtu mwenye safari. Muuguzi ameniambia asubuhi nisizidishe maneno, nipumzike. Nikamwambia kupumzika nitapumzika sana, tena karibuni, akacheka na mimi nikacheka, na sote wawili tulijua. Basi sikilizeni wanangu, kifungua mimba wangu na kitinda mimba wangu, sikilizeni mpaka mwisho na asinikatize mtu, kwa sababu pumzi iliyonibakia nimeipima na inatosha kuyasema haya mara moja tu.

Nianze na mepesi. Nyumba hii si yangu, ni ya kupanga, funguo mtazirudisha. Bangili zangu, cherehani, na vilivyomo kwenye sanduku la kanga, sheria ya mirathi ilishavigawa kabla hatujazaliwa. Mwiteni Sheikh Abdisamad avigawe, na msinungunike kwa kipande cha nguo. Nadaiwa siku kumi na moja za funga, za mwaka ule niliopasuliwa tumbo, Nasreen, utanifungia. Na nadaiwa msamaha na Narinder, huo nitaujia mbele, kwa sababu umefungamana na lile zito.

Lile zito ni lako, Jaffar. Nina kinyongo na wewe, na nimekilea miaka mitatu kama mtu anavyolea mtoto, nikikilisha na kukifunika usiku. Sitaki kwenda nacho kaburini, wala sitaki kukiacha bila ya wewe kukijua.

Mnajua nilivyoingia mji huu wa Waingereza. Baba yenu alitangulia, mimi nikafuata na wewe Jaffar mgongoni, na wiki ya tatu nikaajiriwa kwenye karakana ya beji kule Hockley, wakati ule ni ya babake Ravi, kabla Ravi hajairithi. Nilikaa mbele ya mashine ya kupigia chapa miaka thelathini na minne. Beji za wauguzi wa mkoa mzima, za zimamoto, za wasimamizi wa shule, tulizipiga sisi, wanawake kumi na wanane kwenye benchi moja ndefu, mkono mmoja unatia shaba, mwingine unavuta chuma kishuke. Mwaka wa pili mashine ilinila ncha ya kidole hiki, na Narinder aliyekuwa jirani yangu alivua mtandio wake, akabaki kichwa wazi mbele ya wanaume, yeye mwanamke wa Kisingasinga aliyelelewa kwa heshima zake, akanifunga kidole na kunishika mpaka hospitali. Kwenye benchi lile nimejifunza Kiingereza, nimepata shemeji na mashoga, na kwenye benchi lile umesomeshwa wewe, kitabu kwa kitabu.

Sasa lile neno. Kile kipande cha chuma cha pua chenye nakshi, ambacho shaba hukandamizwa juu yake ikatoka na sura, Waingereza wana jina lake, na sisi Waswahili wa pale, mimi na Saido, yule Msomali aliyekulia Mombasa, tulilitamka dai. Dai la wauguzi, dai la zimamoto, lete dai, futa dai. Asmahan binti yako alipokuwa mdogo alinisikia nikisema kwenye simu kwamba dai limenichosha, akaangua kilio akidhani bibi yake anasema kwa Kiingereza kuwa anakufa, na hakunyamaza mpaka alipopewa halua. Tulicheka sana siku ile. Kumbe neno lilikuwa na mtego mwingine, na wa kunasa humo alikuwa mkubwa mwenye digrii.

Ulipopata kazi ofisi ya manunuzi, Jaffar, mimi niligawa visheti benchi zima. Nikajigamba, mwanangu ndiye atakayekaa kwenye kiti cha kuamua serikali inunue nini na kwa nani. Wenzangu wakaniambia hongera, tumepata mtu wetu. Hawakujua, na mimi sikujua, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Haukupita mwaka, Ravi akatuita pale mlangoni, uso hauinuki, akasema tenda ya beji imekwenda nje. Akaulizwa, kazi yetu mbaya? Akasema hakuna aliyeitazama. Ofisi imefunga beji na viatu na sare na kamba za shingoni kwenye furushi moja, mkoa mzima, na asiyeweza kuleta viatu haruhusiwi kuleta beji. Wanangu, tangu lini beji ikavaliwa mguuni? Nani aliyekaa kwenye kompyuta akaandika neno hilo? Niliuliza hivyo pale pale kwa sauti, na watu wakanitazama, kwa sababu wote walikuwa wanajua mwanangu anafanya kazi wapi.

Siku ya kufunga karakana, Ravi alikuwa anauza chuma chake kwa watu wa vyuma chakavu, na akamwambia kila mmoja achague kitu cha kumbukumbu. Mimi nilichagua dai la wauguzi, lile lenye mkono ulioshika taa. Nililibeba kwenye basi limefungwa gazeti, kilo nne na zaidi, nimelipakata. Jioni ile ukanipigia simu, Jaffar, una haraka zako, ukaniuliza mambo ya kazini yameishaje. Nikakwambia maneno haya, nayakumbuka yote: Nimechukua dai langu, niko nalo nyumbani, yamekwisha. Ukasema alhamdulillahi, ukashusha pumzi, ukakata simu.

Wiki iliyofuata ofisi yenu ikaitisha mkutano na wale walioachishwa, mimi nikiwa nimelala na homa. Saido alitoka kule akaja hapa moja kwa moja, hata viatu hakuvua. Akaniambia, "Mamake Jaffar, kijana wako amesimama mbele ya watu akasema hakuna mtu ameonewa. Ati hata wewe mamake ushachukua dai lako na hauna maneno."

Dai langu! Mimi nilichukua kipande cha chuma ili kisiyeyushwe, wewe ukasikia nimechukua haki yangu, nimelipwa, nimeridhika, nimenyamaza, ukanifanya shahidi wako dhidi ya wenzangu kumi na saba. Narinder alikuwa amekaa mstari wa mbele. Toka siku ile akaamini nililipwa kwa mlango wa nyuma kwa kuwa ni mama yako. Na mimi, haya ndiyo makosa yangu, nayasema nikiwa na akili zangu: sikwenda kwake. Niliona haya. Wala sikukupigia wewe simu kukwambia umekosea neno, ilhali nilijua papo hapo kuwa umekosea neno wala hukukusudia uongo. Nilinyamaza kwa sababu hasira ilikuwa tamu, na kila ulipokuja Idi na zawadi nilikupokea, nikakupikia, na radhi yangu nikaizuia kimoyomoyo. Hilo mama hamfanyii mwanawe. Nisamehe.

Lakini usidhani nikikuomba msamaha ndiyo nimesema ulichofanya ni sawa. Nasreen, nipe maji. Kidogo tu. Basi.

Siku moja niliguna mbele yako habari ya kazi kupelekwa nje, ukaniambia, "Mama, na wewe si mtu wa nje?" Jibu nililikunja nikaliweka, nalo ni hili. Mimi nilitoka nje nikaifuata kazi mahali ilipo, nikakaa nayo, nikazaa nayo, nikalipa kodi kwayo, mtaa ukanijua. Yule mwanamke aliyeko huko mbali anayepiga beji zenu sasa si adui yangu, simjui jina lakini namjua kidole, na naomba Mungu mashine yake isimle kama ilivyonila mimi. Nanyi hamjui hata kama ana kidole. Hamkumchagua yeye, mlichagua namba ndogo kwenye karatasi, na namba ile ikipungua kesho mahali pengine mtamtupa kama mlivyotutupa. Usiache mbachao kwa msala upitao, Jaffar. Mbachao ulikuwa Hockley, mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini kwenu, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuja kuukanyaga.

Na huo msala wenyewe mmeuona? Muuguzi aliyekuja asubuhi, alipoinama kunipima, nilimshika beji nikaigeuza. Mtu wa kazi yetu haangalii uso wa beji, anaangalia mgongo, kwa sababu mgongo ndio wenye pini na ndio wenye jina la aliyeitengeneza. Jina halikuwapo. Pini ilishang'oka, na yule mtoto wa watu ameibandika kwa plasta ya kidonda. Akaniambia hii ni ya tatu mwaka huu. Nililia, Nasreen aliniona, akadhani ni maumivu. Mimi nilikuwa nalia kwa uchungu wa serikali kuu na ofisi zake na wasomi wake, inayoshindwa kumpa anayemhudumia mtu wa kufa kitu cha kukaa kifuani.

Sasa wosia. Jumatatu mnakaa kuitoa tenda hiyo upya, umemwambia dada yako na dada yako ameniambia. Narinder na Saido na wengine wawili wamekodi chumba mtaa ule ule, wana mashine mbili walizonunua kwa Ravi. Sikwambii uwape. Wakishindwa kwa haki, washindwe. Na ukiingia pale, la kwanza useme wazi kuwa mama yako alikaa benchi moja na watu hao, asije mtu akasema ulificha. Wakikwambia utoke usipige kura, sema la kusema kisha utoke. Lakini useme. Sema furushi lipasuliwe, beji ziwe beji na viatu viwe viatu, ili mwenye mashine mbili apate pa kupita. Sema ile sehemu ya fomu inayouliza kazi hii itawafaa nini watu wa mahali isomwe kwa sauti, isirukwe kama ilivyorukwa. Na sema kwamba siku ile ulipowaambia wafanyakazi wameridhika, uliambiwa neno hukulielewa. Hilo ndilo litakalokuchoma, na ndilo ninalolitaka zaidi.

Haya, piga magoti, ingiza mkono chini ya kitanda. Lililofungwa gazeti. Kwa mikono miwili, baba. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi mpaka utwikwe wewe. Lifungue. Unaona maandishi yake? Yamekaa kinyume, ukiyasoma kwenye chuma huyaelewi, mpaka yapigwe kwenye shaba. Hapo kwenye taa pamelika kidogo, ni mimi huyo, miaka yote ile.

Nasreen, najua ulilitaka. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye uliyekuwa ukija pale ukitoka shule ukikaa chini ya benchi. Kwa mirathi hili nalo lina fungu lako, na siwezi kumpa yeye peke yake bila ya ridhaa yako. Sema umeridhia. Sema nisikie. Ahsante mama. Mungu akupe mikono isiyochoka.

Jaffar, radhi yangu nakupa. Nakupa sasa, kabla ya Jumatatu, ufanye ninayokwambia au usifanye. Radhi ya mama si tenda, haishindaniwi na haina masharti. Niliizuia miaka mitatu na mzigo ulikuwa kwangu. Mungu akuongoze, akupe kauli ya kweli, akulindie Asmahan. Radhi ni yako. Dai ni jambo jingine.

Jumatatu uende nalo. Uliweke mezani, juu ya karatasi zao. Watakuuliza ni nini. Usiwajibu kwa Kiingereza kwanza. Waambie, hili ni dai la mama yangu. Kisha ndiyo uwaeleze.

Mnizike karibu na baba yenu. Msingoje jamaa wa mbali. Narinder apigiwe simu leo hii, Nasreen, sio kesho, umwambie sikulipwa kitu, nilichukua chuma, na nilimwonea haya. Akija nikiwa hai, nitamwambia mwenyewe. Akija nimekwenda, mpe ule mtandio wake. Umo sandukuni. Niliufua lakini damu haikutoka yote.

Nigeuzeni kibla. Taratibu. Mkono wangu... hapo. Mpendane. Msinyimane habari, msinyamaziane kama nilivyonyamaza mimi. Mungu awaweke, wanangu, awape...

Jaffar. Mbona unaliweka chini? Najua ni zito. Lishike.