Mwalimu Melkiades Lukeba (1968–2025), Aliyesindikiza Wakimbiaji wa Taifa

Mwalimu Melkiades alizaliwa Gatete tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili wa wavuvi waliotoka Fizi, ng'ambo ya ziwa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Rumonge, kisha elimu ya michezo Bujumbura. Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Elda.

Mwaka 2011 kamati ya taifa ya wanamichezo ilimfanya mkuu wa msafara wa wakimbiaji wanaoshindana nje. Paspoti, viatu, daktari, mahali pa kulala, yote yalikuwa juu yake. Kila safari alificha ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakiwa wakavu, ndani ya valizi yake ya nguo, maana alijua yuko mtoto atakayeshindwa na chakula cha ugenini.

Juni 2019, minibus ikiwa tayari kumpeleka mkimbiaji Naomie, binti wa mzee Heri, uwanja wa ndege, ilijulikana kwamba bibi yake alikuwa amemnywesha dawa ya miti. Mwalimu aliuliza ni miti gani. Bibi alikataa, kwao dawa ikitajwa mbele za watu, inakufa. Naomie mwenyewe hakuijua.

“Mama, kule watamupima,” Mwalimu alisema. “Wakikuta kitu, watamufungia asikimbie miaka mingi, na kamati haitakuwa na neno la kumutetea.”

Bibi alikataa tena. Dereva alipiga honi. Mwalimu akalishusha begi la Naomie.

Mzee Heri alimwambia mbele ya wote, “Si wazungu wamemukataa mutoto wa Rumonge. Ni wewe.”

Mwaka uliofuata Naomie aliumia goti, hakupata safari nyingine. Sokoni watu walipita meza ya mawese ya Elda bila kusalimu. Mwalimu hakujitetea. Aliiomba kamati imtume daktari kwa familia mapema, kabla ya tiketi kukatwa. Siku hizi mabibi wa pwani hii humnong'oneza daktari peke yake, na wajukuu wao wanasafiri.

Kisukari kilimwanza 2021, figo zikafuata. Kitandani aliuliza mara nyingi kama kuna mtu wa kwa Heri amepita. Hakuna aliyepita. Alifariki Bujumbura, Jumapili asubuhi, 9 Februari 2025.

Jana Naomie alifika nyumbani, akaomba jina lake lisomwe leo pamoja na ya watoto wa Mwalimu, hata mwishoni. Elda akasema, “Huyu ni mukubwa kwa Espoir wetu. Mumutie wa kwanza.”

Mwalimu ameacha mjane, Elda, dada mmoja, na watoto: Naomie, Espoir na Cikuru.

Mungu ampe pumziko la amani.