Generosa Maduhu, Aliyejua Mkono wa Kila Mponda Mawe

Tunayemzika hapa Samuye ni mke wangu, Generosa Maduhu, Mama Marselino. Maneno yangu ni machache. Yupo mtu mmoja hapa hayatampendeza. Akae ayasikie.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Samuye mwaka 1928, binti wa Mzee Maduhu, mfugaji. Shule hakusoma, kama mimi. Mafundisho ya dini aliyapata kwa mapadre, akabatizwa mwaka 1942.

Mimi Thobias Maganga nilifunga naye ndoa tarehe 8 Septemba 1947. Mimi ni mtu wa haraka, yeye hapana. Siku ya kwanza shambani alinitazama nikilima, akasema, "Ng'wana Maganga, wewe anzia kule mwisho. Tukilima bega kwa bega tutaachana kabla ya mavuno." Basi tukalima hivyo miaka yote, tunakutana katikati.

Ukame ulipomaliza ng'ombe, mwaka 1976 tulihamia machimbo ya Geita. Mimi nilishuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Yeye aliponda mawe kwa kinu na mchi wa chuma. Haukupita muda wanawake wenzake wakamfanya mkubwa wao.

Mwanne alikuwa mwepesi wa mkono na wa mdomo. Ghati, Mkurya, alikuwa na nguvu lakini hakutaka mtu karibu yake. Mwamvua alikwenda polepole. Generosa hakuwalazimisha kufanana. Alimpa Ghati mawe makubwa, pembeni, peke yake. Mwanne alichekecha unga wa mawe, apige soga akitaka. Mwamvua aliosha unga huo kwenye karai, maana mwenye haraka humwaga dhahabu na maji. Mwanne alimchokoza, "Mwamvua, hilo karai unalibembeleza lilale?" Generosa akasema, "Mwache. Likilala, dhahabu haikimbii."

Mwaka 1981 mwenye machimbo alileta msimamizi, Valerian, kijana wa kuwa mwanetu. Shikamoo hakumpa Generosa. Aliwaona wanawake wametawanyika, huyu penye upepo, huyu kivulini, akasema, "Mama, kazi gani hii, mnachakura kama kuku?"

Generosa akamjibu, "Kuku hao ndio wanaokutagia, baba."

Watu walicheka. Valerian hakusahau. Alijenga kibanda cha bati, mlango mmoja, akawaingiza wote humo waponde pamoja kwa filimbi yake. Ikilia, michi yote chini. Vumbi halikuwa na pa kutokea. Generosa alimwomba atoboe dirisha. Akajibu, "Dirisha la nini? La kuchungulia wanaume?"

Mwamvua alipoanza kukohoa, Generosa alimwendea Valerian tena. "Huyu mrudishe nje aoshe. Mawe yake nitayaponda mimi." Hilo Valerian alilikubali upesi. Mke wangu akaponda ya watu wawili. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kwa duara, na nyumbani palikuwa na njaa. Hatukuwa na pengine pa kwenda.

Ghati alikufa kwa kifua mwaka 1984. Mwaka huohuo Generosa alianza kutema damu. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe, dawa hakuna. Nilimrudisha Samuye. Alilala ameketi, maana akilala chali pumzi zilikatika. Nikamwambia nakwenda Geita na panga. Akanishika mkono. "Watakufunga, halafu mimi nizikwe na nani? Usimkate. Mtaje mbele za watu."

Alifariki alfajiri ya Jumatano, tarehe 12 Machi 1986.

Basi nimemtaja. Ni Valerian, yule pale mwenye shada la maua. Jana alipoingia msibani alinipa shikamoo. Sikuitikia, na sitaitikia. Ameomba kusema maneno machache kwa niaba ya machimbo. Hatasema. Shada lake atarudi nalo. Udongo wa kaburi hili hatautupa hata kiganja. Watatangulia Mwanne na Mwamvua, na asiwasogelee.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Marselino na Euphrasia, wajukuu saba, na hao wanawake wawili waliokuwa dada zake. Amemwacha Valerian pia, mzima, kifua chake safi. Namwombea umri mrefu. Kila msiba atakaoingia, Geita mpaka Shinyanga, watu wamsogelee waulize, "Wewe ndiye yule wa kibanda?"

Mke wangu apumzike kwa amani. Valerian, hapana.